Barua pepe 43, majibu mawili: nitapataje nafasi ya utafiti baada ya uzamivu?

Wahariri wa safu, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Uyole, Mbeya. Nilitunukiwa shahada ya uzamivu Novemba 2024 na chuo kimoja hapa hapa nchini. Tasnifu yangu ilihusu mnyauko bakteria wa viazi mviringo. Misimu mitatu nilizunguka mashamba ya Umalila, Uporoto na Makete nikikusanya mashina yaliyonyauka, mbegu na udongo, kisha nikawa napima maabara ni aina gani ya vimelea inayotawala wapi. Makala ninazo tatu. Moja imetoka kwenye jarida linaloheshimika. Mbili zilitoka haraka haraka ili nikamilishe masharti ya kuhitimu, na sasa wenzangu wananicheka kwamba ni majarida ya lipa-tukuchapishe.

Tangu nihitimu nafundisha kwa mkataba wa muhula katika chuo kimoja Iringa, malipo kwa saa. Ni zaidi ya kilomita 300 kwenda na nyingine kurudi, na ukitoa nauli na chumba cha kulala, kinachobaki hakizidi nusu. Nimeamua kutafuta nafasi ya utafiti baada ya uzamivu, hiyo ambayo wengi tunaiita postidoki.

Kwa miezi minane nimetuma barua pepe 43 kwa maprofesa wa Ulaya, Marekani na Afrika Kusini. Barua ni moja, nabadilisha jina la mpokeaji tu: najitambulisha, nasema naomba kwa unyenyekevu nafasi yoyote itakayopatikana, naambatisha wasifu wangu wa kurasa saba na vyeti vyote. Nimejibiwa mara mbili. Mmoja alisema hana fedha. Wa pili aliniuliza nina wazo gani na ninafikiria kuomba mfuko upi. Sikujua la kumjibu, nikaona aibu, nikanyamaza.

Sasa kuna kijana Dar es Salaam anayesema anaunganisha watu na nafasi Kanada kwa dola 450, na anataka fedha kabla ya Ijumaa. Msimamizi wangu wa zamani ni mzee mwema, ila ukimwomba barua ya mapendekezo inakaa kwake mwezi mzima. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari ya serikali, watoto wawili, wa mwisho ana miaka mitatu. Mama mkwe naye kila sikukuu ananiuliza shule hii inaisha lini.

Nianzie wapi? Na je, nikienda miaka miwili au mitatu, nitakuwa nimejifungia mlango wa ajira serikalini?

Mzamivu wa Uyole

———

Dada Mzamivu,

Tuanze na lenye haraka: usimlipe huyo kijana. Nafasi ya aina hii hutolewa na chuo au taasisi yenyewe, na anayeamua ni mtafiti mwenye mradi, tena baada ya kuongea na wewe ana kwa ana au kwa video. Hakuna dalali anayeweza kukuuzia uamuzi wa mtu huyo. Fedha zitakazokutoka kihalali ni za pasipoti, viza, kipimo cha afya pale kinapotakiwa, na nauli. Mtu akikupa muda wa kulipa kabla hujaongea na atakayekuwa bosi wako, biashara hiyo inajieleza. Zima simu, endelea kusoma.

La pili, mjibu yule profesa wa pili. Hata kama imepita miezi sita. Alichokuuliza kilikuwa mlango uliofunguliwa nusu, na maswali yake mawili ndiyo kazi yote ya kutafuta postidoki: una swali gani la utafiti, na fedha zitatoka wapi. Barua zako 43 hazikujibu hata moja kati ya hayo, kwa hiyo waliozipokea hawakuwa na cha kufanya nazo. Mtu wa Toulouse au Pretoria haajiri kwa huruma ya "nafasi yoyote". Ana mradi wenye tarehe ya mwisho, ana bajeti ya mishahara iliyogawanywa kwa miezi, na anatafuta mtu atakayemalizia kipande fulani cha kazi kinachomshinda.

Mama mkwe naye mwambie shule iliisha Novemba 2024. Postidoki ni kazi ya mkataba, kwa kawaida mwaka mmoja hadi mitatu, ya mtu ambaye tayari ni daktari wa falsafa. Haina cheti mwishoni. Unachotoka nacho ni makala, mbinu mpya za maabara, na watu wanaokufahamu.

Milango ya kuingilia ni miwili na haifunguliwi kwa ufunguo mmoja. Wa kwanza ni fedha ambazo tayari zipo: mtafiti ameshapata ruzuku, anatangaza nafasi, wewe unashindana na waombaji wengine. Wa pili ni fedha ambazo wewe na mwenyeji wako mnaziomba pamoja kwa jina lako. Unavyoandika, unavyopanga muda, hata neno la kwanza la barua pepe hutegemea ni mlango gani unaougonga. Wengi huchanganya. Humwandikia mtu kana kwamba ana nafasi iliyotangazwa wakati hana, au hupeleka wazo lao kubwa kwa mtu aliyetangaza kazi maalumu ya miezi 24 ambayo wazo lake limeshaandikwa zamani.

Kwa mlango wa kwanza, matangazo ya Ulaya hukusanywa na EURAXESS, ya Uingereza yako jobs.ac.uk, ya Uholanzi AcademicTransfer. Weka arifa kwa maneno ya fani yako, "Ralstonia" (jina la kisayansi la bakteria wako), "potato", "plant bacteriology", ili matangazo yakufuate kwenye barua pepe. Usiweke neno pana kama "agriculture", utazama. Kwa viazi, fuatilia pia kurasa za ajira za Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, chenye ofisi Nairobi, na vituo vingine vya CGIAR, familia ya vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo, vilivyo karibu nasi kama IITA na ILRI. Nairobi ni karibu, Kiswahili kinasaidia, na huhitaji kumweleza mtu Umalila iko wapi.

Ukipata tangazo, lisome kwa kalamu. Kuna masharti ya lazima na kuna yanayopendelewa. Ukikosa sharti moja la lazima, usiombe, maana wanaochuja hatua ya kwanza huwa na karatasi ya kuweka alama ya tiki, na pengo moja linatosha kukutoa. Ukikosa nusu ya yanayopendelewa, omba. Barua yako ya maombi ijibu masharti yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila moja kwa sentensi moja au mbili zenye ushahidi: sampuli ngapi, mashamba mangapi, mbinu gani, makala ipi. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Kuna kazi ya upelelezi ambayo wengi hawaifanyi. Chukua makala mpya ya mtafiti unayemtaka, nenda moja kwa moja mwisho kwenye shukrani. Pale pameandikwa nani alilipa, mara nyingi pamoja na namba ya ruzuku. Kama ni fedha za Umoja wa Ulaya, namba hiyo ukiiingiza kwenye hifadhidata ya CORDIS utaona mradi ulianza lini, unaisha lini na nani wengine wamo. Mradi ulioanza miezi sita iliyopita bado unaajiri au utaajiri karibuni. Uliobakiza miezi minane hauna nafasi yako, hata mwenyewe akikupenda vipi. Kwa miradi ya Uingereza kuna hifadhidata ya UKRI inayofanya kazi hiyo hiyo. Saa mbili za upelelezi huu zina thamani kuliko barua 43.

Sasa mlango wa pili, ambao kwa mtu mwenye tasnifu kama yako tunaona una nafasi nzuri, na ambao una saa inayotembea. Mifuko mingi huhesabu miaka tangu utunukiwe uzamivu, na saa yako ilianza Novemba 2024. Vyuo vya Uswidi, katika nafasi zao za kawaida za postidoki, huwapa kipaumbele waliopata uzamivu si zaidi ya miaka 3 kabla ya siku ya mwisho ya maombi, kwa hiyo kwako mlango huo unaanza kufungwa Novemba 2027. Nafasi nyingi za Afrika Kusini huweka miaka 5. Japani, kupitia JSPS, shirika lao la kukuza sayansi, ni miaka 6, na huko anayewasilisha maombi ni mwenyeji wako Mjapani, wewe huna kitufe cha kubonyeza. Kama hujampata yeye kwanza hujaanza. Mpango wa Umoja wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie unaruhusu hadi miaka 8 baada ya uzamivu. Panga kwa mfuatano huo, unaofungwa mapema utangulie.

Jambo dogo linaloumiza watu hapa kwetu: kati ya kutetea tasnifu na mahafali hupita miezi, wakati mwingine karibu mwaka. Mfuko mmoja unahesabu tangu kutetea, mwingine tangu kutunukiwa. Nenda kwenye kurugenzi ya masomo ya uzamili ya chuo chako, omba barua yenye tarehe zote mbili, yenye muhuri. Iskani iwe tayari.

Kuhusu huo mpango wa Marie Skłodowska-Curie, kwa kuwa wengi huuogopa bila kuujua. Uraia haukuzuii. Sharti lake kubwa ni la kuhama: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Wewe umekaa Mbeya na Iringa, kwa hiyo umepita. Nafasi ni ya miezi 12 hadi 24. Sehemu kuu ya andiko ni kurasa 10, na alama hugawanywa hivi: ubora wa sayansi asilimia 50, matokeo na manufaa 30, utekelezaji 20. Wasomi wetu humaliza kurasa saba kwenye sayansi na kubakiza tatu kwa nusu nyingine ya alama. Usifanye hivyo. Sehemu ya manufaa ina wahakiki wanaotaka kuona wewe mwenyewe utakuwa nani baada ya miaka miwili, na utakachojifunza kitamfikia nani. Hapo mkulima wa mbegu za viazi wa Uporoto na maabara ya TARI Uyole, tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wana nafasi yao halali kabisa, wape.

Dirisha lake kwa kawaida hufungwa Septemba, majibu hutoka karibu Februari, na unaruhusiwa andiko moja tu kwa kila awamu. Mwaka 2025 yalipokelewa maandiko zaidi ya 17,000, ndiyo maana hatusemi uweke mayai yote hapo. Lakini kama unataka kujaribu, mwenyeji umwandikie kati ya Februari na Machi, muwe mmekubaliana wazo ifikapo mwisho wa Aprili, rasimu ya kwanza nzima iwe mezani kwake kabla ya Julai. Agosti Ulaya watu wako likizo. Anayeanza Agosti huandika peke yake, na wahakiki huona.

Tunafika kwenye bakteria wako, maana hapa ndipo barua zako nyingi zilikufa bila wewe kujua. Kimelea cha mnyauko bakteria kimo katika orodha ya visumbufu vya karantini vya Umoja wa Ulaya, na Marekani nako kimewekewa masharti makali, hasa lile kundi linalopenda viazi vya nyanda za baridi kama zetu. Maana yake, maabara isiyo na kibali cha kushika vimelea vya karantini haiwezi kukupokea na vimelea hai, hata profesa angekuwa shemeji yako. Kwa hiyo waandikie walio na kibali na mazoea nacho. CIRAD, shirika la utafiti wa kilimo la Ufaransa, lina kikosi chake kisiwani Réunion, mjini Saint-Pierre, kilichofanya kazi nyingi juu ya vimelea hivi Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi. Toulouse kuna kundi kubwa la taasisi za utafiti za Ufaransa, INRAE na CNRS, linaloshughulika na jinsi bakteria huyu anavyoushinda mmea. Kisiwa cha Réunion ni sehemu ya Ufaransa, kwa hiyo mifuko ya Ulaya inafika huko.

Kwa wasio na kibali, badili unachopeleka. Pendekeza kazi ya DNA iliyokwisha kutolewa hapa nchini, au ya data ya jenomu, au ya ramani na takwimu za kusambaa kwa ugonjwa, ambayo haihitaji kusafirisha kitu chenye uhai. Kwa sampuli zozote za mimea zinazotoka nje utapita Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na taasisi itakayokuwa nazo itataka mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na pande zote mbili. Hilo huchukua miezi. Liandike kwenye ratiba ya andiko lako. Mhakiki akiliona hapo anajua anaongea na mtu aliyewahi kufanya kazi, maana wanaoota ndoto hulisahau. Na tafadhali usiandike tu "Ralstonia". Sema ni filotaipu ya ngapi (tawi kuu la ukoo wa bakteria huyu) na sekwevari ipi (kundi dogo ndani ya tawi hilo) uliyoikuta kwenye sehemu ipi na katika mwinuko gani. Hicho ndicho ulicho nacho ambacho mtu wa Toulouse hana.

Barua pepe basi. Itaandikwa kwa Kiingereza, lakini mifupa yake iwe hii, isizidi maneno 200. Kichwa cha barua kitaje mada na mfuko, kwa mfano "Vimelea vya mnyauko wa viazi Tanzania: maombi ya pamoja Septemba". Sentensi ya kwanza iseme wewe ni nani kwa kazi yako: mzamivu wa 2024, misimu mitatu ya mashamba, sampuli kadhaa zilizotambuliwa. Ya pili na ya tatu zitaje makala yake moja uliyoisoma kweli, na pengo unaloliona. Usimsifu, mwonyeshe pengo. Kisha wazo lako kwa sentensi tatu: swali, nyenzo ulizonazo tayari, mbinu unayotaka kujifunza kwake. Halafu mfuko, tarehe yake ya mwisho, na kwamba umehakiki kuwa unastahili. Malizia kwa ombi dogo linalojibika kwa ndiyo au hapana: je, unaweza kunipa dakika 20 za mazungumzo wiki ijayo? Ambatisha faili moja tu la PDF, wasifu wa kurasa mbili. Vyeti viache kabatini. Hayo maneno ya "mheshimiwa sana" na "kwa unyenyekevu mkubwa" hapa kwetu ni adabu, lakini huko yanasomeka kama barua ya kuomba msaada, na huchujwa pamoja nazo.

Andika kwa watu 12, kila mmoja na barua yake. Asipojibu ndani ya siku 10 hadi 14, kumbusha mara moja, sentensi mbili. Baada ya hapo mwache.

Wasifu wa kurasa saba upunguze bila huruma. Toa picha, dini, hali ya ndoa, majina ya wazazi, shule ya msingi, na semina za siku moja. Weka juu makala, kila moja na kiungo chake cha DOI, na useme ulichofanya wewe katika hiyo kazi. Mbinu zitaje kwa majina na kiwango: PCR ya kawaida au ya wakati halisi, ELISA, uchambuzi wa takwimu kwa programu ya R. Ukisema unajua kitu utaulizwa kwenye usaili, kwa hiyo usijipambe.

Zile makala mbili za lipa-tukuchapishe? Hapa tulitofautiana kidogo mezani. Tulichokubaliana ni kwamba usizifute kwenye orodha kamili, maana zipo na mtu atazikuta, lakini usizitaje kwenye barua wala kati ya makala teule. Dawa yake hasa ni sura mojawapo ya tasnifu ambayo bado haijachapishwa. Igeuze makala sasa, hakiki jarida kwenye orodha ya DOAJ au Scopus kabla ya kutuma, na wakati inasubiri wahakiki iweke kwenye hifadhi ya rasimu kama bioRxiv ili iwe na kiungo. Rasimu moja nzuri inayosomeka leo ina uzito kuliko "iko njiani".

Msimamizi wako mzee tunamfahamu, kila idara inaye. Usimwombe barua, mpelekee kazi iliyobaki kumalizia: karatasi moja yenye jina la nafasi, tarehe ya mwisho inayotangulia ile halisi kwa siku 10, mambo matano mahususi uliyoyafanya chini yake, na wasifu wako. Mpigie, kisha mtumie, kisha mpitie ofisini ukiwa na sababu nyingine. Ila kuna mtego wa kiufundi. Mifumo mingi humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja, na baadhi hukataa anwani za Gmail na Yahoo, hutaka ya taasisi. Anwani ya chuo ya mzee huenda imejaa au haifunguki tangu mwaka juzi. Muulize mapema, na siku kiungo kikitumwa mwambie aangalie folda ya taka. Tafuta pia mdhamini wa tatu asiye wa chuo chako: mtafiti wa TARI Uyole uliyeshirikiana naye, au mtahini wa nje wa tasnifu yako.

Ukiitwa kwenye usaili, utakuwa wa video, dakika 30 hadi 45, na mara nyingi wasilisho la dakika 10 mwanzoni. Hakiki saa. Saa 14:00 ya Paris ni saa kumi jioni kwetu wakati wa baridi, na saa tisa alasiri wakati wa kiangazi. Watu wamekosa nafasi kwa kuichukua "saa nane" kichwani. Usiutegemee umeme wa Mbeya wala wa Iringa. Kompyuta iwe na chaji kamili, simu ya pili iwe na bando la mtandao tofauti, na slaidi zitume kwao kabla kwa barua pepe. Swali ambalo halikosi ni utafanya nini miezi mitatu ya kwanza. Jibu lenye wiki na vipimo hushinda jibu lenye maono.

Afrika Kusini tumeiacha nyuma lakini usiidharau. Majibu yao huja haraka kuliko ya Ulaya. Fahamu tu kwamba postidoki wa huko kwa kawaida hahesabiki kama mwajiriwa: anapata posho ya utafiti isiyokatwa kodi, bila pensheni, na bima ya afya anajitafutia. Ufaransa au Ujerumani mara nyingi ni mkataba wa ajira wenye makato na bima. Kabla ya kusaini popote uliza mambo haya kwa maandishi: miezi mingapi imehakikishwa na mingapi inategemea tathmini, nani analipia vifaa vya maabara na ada za kuchapisha, nani analipia viza, na familia inaingia kwa utaratibu gani. Ufaransa, kwa mfano, mtafiti mwenye makubaliano ya mapokezi kutoka taasisi hupewa kibali cha kundi la vipaji, na mwenzi wake naye huruhusiwa kufanya kazi. Mpango wa Marie Skłodowska-Curie una posho ya familia.

Mumeo lakini asifungashe tu. Ni mtumishi wa umma. Kuondoka bila kibali ni utoro kazini, na kurudi kwenye mfumo baada ya hapo ni vigumu. Aombe likizo bila malipo kwa maandishi kupitia mwajiri wake, na asiondoke mpaka ajibiwe kwa maandishi. Ikikataliwa, kuna wanaokwenda miezi sita ya kwanza peke yao wakaangalia hali. Hilo ni la ninyi wawili, sisi tunanyamaza.

Ajira serikalini hujifungii mlango, ila kuna dari. Vyuo vyetu vya umma havina ngazi rasmi ya postidoki. Mwenye uzamivu huomba uhadhiri moja kwa moja kupitia Sekretarieti ya Ajira, na matangazo yake kwa kawaida huweka umri usiozidi miaka 45. Una 37. Mwaka mmoja wa kutafuta na mitatu ya mkataba vinakufikisha 41, makala zikiwa zimeongezeka. Mkataba wa pili wa miaka mitatu ndio wa kufikiria mara mbili. Na wakati unatafuta, omba TARI Uyole, ambayo iko mlangoni kwako, ikupokee kama mtafiti mshiriki hata bila mshahara: utapata anwani ya taasisi, meza ya maabara, na jina la kuandika chini ya ile rasimu. Huo mkataba wa Iringa usiuache mpaka kingine kisainiwe.

Mwisho kabisa, angalia majina yako. Kina mama wengi wana cheti chenye jina la baba, pasipoti yenye jina la mume, na makala zenye herufi za kwanza zinazobadilika kila mara. Ubalozi hukwama hapo, na mifumo ya maombi hukuona kama watu wawili. Pasipoti ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10, kwa hiyo iombe sasa katika ofisi ya Uhamiaji Mbeya, kwa jina lililo kwenye cheti cha uzamivu kama bado hujabadilisha. Kama umeshabadilisha, pata kiapo kwa wakili au hati ya kubadili jina. Kisha fungua ORCID, namba ya kudumu ya utambulisho wa mtafiti, leo jioni, ni bure na haimalizi nusu saa, na zile makala tatu ziingize zote chini ya namba moja.

Safu